Jibu la Baba kwa Brigedia

Jumatatu, 12 Septemba 1949

Nimerudi nyumbani, Pencroft. Shule ninayofundisha imenipa ruhusa ya muhula mzima, maana macho ya Baba yanazidi kufifia na wachapishaji wa London wanataka kitabu chake kabla ya mwaka mpya. Jicho la kushoto linaona mwanga tu; la kulia bado linaweza kusoma vichwa vya habari vya gazeti. Kwa hiyo yeye atasema na mimi nitapiga taipu. Daftari hili ni langu peke yangu. Katika nyumba hii kila karatasi nyingine ni ya Baba.

Alinipokea mlangoni, amenyooka kama mlingoti.

"Umekonda," akasema.

"Chakula cha shule, Baba."

"Jeshini tungemfunga mpishi."

Hayo ndiyo mapenzi yake, wala sijawahi kupata mengine. Mama angecheka. Sasa ni karibu miaka mitatu tangu tumzike, na kiti chake bado kinaelekea dirishani.

Alhamisi, 15 Septemba

Tumeanza. Anatembea huku na huku sebuleni, mikono nyuma, na maneno yanamtoka yamepangika. Leo tulikuwa mwaka 1917. Yeye kapteni wa miaka ishirini na mitano, matope yamefika mapajani, na kamanda wake ameamuru kikosi kishambulie msitu ambao haukuwepo tena, umebaki visiki tu. Baba alirudi nyuma peke yake, mizinga ikilia, akamwambia kamanda usoni kwamba msitu huo haupo. Kamanda akatishia kumpiga risasi. Baba akakaa kwenye kopo la biskuti, akasema, "Basi nipige, lakini watu wangu hawaendi." Hawakwenda. Watu tisini walirudi makwao kwa sababu ya kopo lile la biskuti.

Nimelijua jambo hili tangu utotoni, ila leo, nikipiga taipu, vidole vilinisisimka. Nilijiona binti wa mtu.

Jumatatu, 19 Septemba

Mvua. Kurasa sita. Mpaka wa India, farasi, homa.

Jumamosi, 24 Septemba

Bi Beddoe, anayetupikia na kututunza tangu nikiwa na miaka kumi na miwili, ananiambia wavunaji wataanza na matofaa ya mapema ya shamba letu wiki ijayo, mvua ikiruhusu. Alikuwa anamenya viazi.

"Jenerali wako leo amepigana na yai," akasema. "Nimemwekea mezani, akaligonga, likamponyoka, likaanguka. Nikamwambia, nikuokotee? Akaniambia, liache, limejisalimisha."

"Amekasirika?"

"Angekasirika ningefurahi. Amekaa kimya, mwanangu. Mtu akikaa kimya kwa sababu ya yai, ujue si yai."

Jumapili, 2 Oktoba

Baada ya ibada kasisi alitufuata mpaka langoni. Majina ya vita hivi vya pili yameshachongwa kwenye mnara wa kijiji, kumi na moja, chini ya yale ishirini na matatu ya vita vya kwanza. Anataka Baba ayafunue Jumapili ya tarehe 13 Novemba na kuyasoma mbele ya watu.

Jina la tano ni la mdogo wangu. Luteni Robin Garnock, mto Lescara, Italia, Januari 1944. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu.

Baba alisema, "Nitayasoma," kwa sauti ya mtu anayekubali kuongezewa chai.

Jumamosi, 8 Oktoba

Wiki hii tumepita mbio: kurudi nyuma mpaka pwani mwaka 1940, akiwa nyuma kabisa na kikosi chake, akilala wima, kisha jangwani, ambako alipata divisheni na jina. Leo asubuhi tukafika Italia. Akasimama karibu na dirisha.

"Sura ya kumi na tisa," akasema. "Lescara." Kisha: "Ruka. Tutairudia."

Tukaruka. Akaniandikisha habari za mji wa Kijerumani aliopewa autawale baada ya vita, watu elfu arobaini bila paa, na jinsi alivyowagawia makaa ya mawe. Sura nzuri. Nilipiga taipu nikifikiria ile niliyoiacha nyuma.

Jumanne, 11 Oktoba

"Ruka."

Ijumaa, 14 Oktoba

Mvua haikatiki. Matofaa yanaoza chini kabla hayajaokotwa. "Ruka."

Jumatatu, 17 Oktoba

Leo ameisema, yote, kwa dakika ishirini, bila kutembea. Lugha ilikuwa ya ripoti. Divisheni iliamriwa kuvuka mto Lescara. Brigedi ya mbele, chini ya Brigedia Ivor Tresidder, ilivuka usiku wa tarehe 19. Brigedia hakuwa amepeleleza kingo za mto ipasavyo, wala hakuijulisha makao makuu hali ya maji. Brigedi ilipoteza watu mia nne na kumi. Baraza la uchunguzi lilimwondoa Brigedia. Divisheni ilivuka wiki moja baadaye, mahali pengine.

"Weka nukta," akasema.

Robin hakutajwa. Nikauliza kama tuongeze mstari mmoja kumhusu.

"Kitabu hiki ni cha jeshi, Hester."

Namkumbuka Brigedia Tresidder. Kabla ya vita alikuja hapa mara mbili, mtu mrefu wa Cornwall, mwenye masikio makubwa. Robin alipokufa, yeye ndiye aliyemwandikia Mama barua ya kurasa nne kwa mkono wake. Baba alituma telegramu. Mama aliilalia barua ile mpaka ikachakaa, lakini jina la mwandishi hakulitamka tena baada ya kusikia kwamba ni yeye aliyewaua. Sote tulisikia hivyo. Nilimchukia miaka mitano.

Alhamisi, 20 Oktoba

Baba alikuwa amelala mchana. Nilikuwa sina hakika ya tarehe, 19 au 20, nikafungua sanduku la bati lenye karatasi zake za Italia. Nilitafuta tarehe tu, Mungu shahidi.

Nikakuta fomu ya ujumbe, rangi ya waridi, imekunjwa mara nne. Saa nane mchana, tarehe 19. *Boti hazijafika ila nane. Maji yamepanda futi nne tangu asubuhi. Doria zimeona rashasha kumi na mbili ukingo wa pili. Naomba saa ishirini na nne. Tresidder.*

Na chini yake, kwa penseli, mwandiko ninaoujua kuliko wangu: *Hapana. H.G.*

Nilikaa sakafuni mpaka Bi Beddoe akagonga mlango kwa chai.

Ijumaa, 21 Oktoba

Nilikula naye, nikampitishia chumvi.

Jumatano, 26 Oktoba

Barua kutoka Cornwall. Barua za Baba ninamsomea mimi, kwa hiyo sikuwa na pa kukimbilia.

Brigedia Tresidder anasema amesikia kitabu kinaandikwa. Anasema mapafu yake yameharibika na daktari hamdanganyi. Anasema vijana saba kati ya kumi na mmoja wa mnara wetu walikuwa katika brigedi yake, na kama Jenerali haoni ubaya, angependa kuja kusimama nyuma ya watu siku yakifunuliwa. Halafu: "Sikuombi kitu kingine, afande. Unajua unachokijua."

"Usimjibu," Baba akasema.

Nilitoka nikaenda posta kwa miguu, maili mbili na ukungu, nikamjibu. Nilimwambia aje siku moja kabla, Jumamosi, alale kwetu.

Jumapili, 30 Oktoba

Imetokea, na naandika haraka kabla sijaanza kuipamba.

Wavunaji wamekubali kufanya kazi hata Jumapili, maana mvua ilipumua tangu alfajiri. Baba alikuwa kati ya miti na fimbo yake, akisikiliza matofaa yakianguka. Wao walikuwa upande wa pili wakitikisa matawi kwa ndoana ndefu. Nilimwendea nikamtia ile karatasi mkononi.

"Ni nini?"

"Ya Lescara. Saa nane mchana."

Akaipapasa pembeni kwa kidole gumba. "Sioni. Nisomee."

Nikamsomea. Sauti yangu ilikuwa ya darasani.

"Na chini?"

"Chini kuna neno moja. Hapana. H.G."

"Ndiyo," akasema. "Huo mwandiko ni wangu."

"Uliliambia baraza la uchunguzi hukupata ujumbe wowote."

"Niliwaambia hivyo."

"Mama amekufa anamlaani mtu asiye na kosa. Kwa nini, Baba?"

Nilidhani atanifukuza.

"Unajua nani alikuwa boti ya kwanza?"

"Najua. Nimekua naye kitanda kimoja."

"Mimi nilijua tangu asubuhi. Orodha ilikuwa mezani. Tresidder alipoomba siku moja, moyo wangu uliruka kwa furaha, Hester. Kwa furaha! Hapo ndipo nilipouogopa. Nikajiuliza, anayetaka kungoja hapa ni jenerali au ni baba wa mtu? Sikuweza kuwatenganisha. Nikaamua ni baba. Basi nikamziba mdomo."

"Na wale mia nne?"

"Wangekuwa watoto wa watu wengine tu, ningengoja. Ningempa siku yake. Ningempa mbili." Alisema hivyo polepole, kama mtu anayesoma maandishi yaliyo mbali. "Niliwaua kwa kuogopa kumpendelea."

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, nikakuta pa kushikia hakuna.

"Na baada ya hapo? Kumtupia Tresidder mzigo?"

"Hiyo haina sababu. Baada ya hapo niliogopa tu. Nilipewa nishani mwezi wa nne, na kila mwezi uliopita ikawa vigumu zaidi."

"Anakuja tarehe 12," nikamwambia. "Nimemwalika mimi."

Akageuza uso kunitafuta, akakosea, akautazama mti. "Wewe ungefaa jeshini," akasema. Sikujua kama ni sifa.

Jumanne, 1 Novemba

Hatuandiki. Taipu imefunikwa.

Jumamosi, 5 Novemba

Kijijini wamewasha mioto na kuchoma sanamu ya matambara kama kila mwaka, kukumbuka njama ya zamani ya kulipua Bunge. Fataki zililia tangu machweo. Baba alisikiliza akiwa amekaa, mikono magotini, mpaka zilipokwisha.

Jumatano, 9 Novemba

Bi Beddoe anajua kuna jambo. "Mnatembea humu ndani kama watu wenye maiti ghorofani," akasema. Nikamwambia mgeni ni nani. Kisu kikasimama.

"Yule aliyemuua Robin wetu? Nimpikie mimi?"

"Siye, Bi Beddoe. Utajua. Nakuomba umpikie."

Alinitazama, kisha akarudi kwenye karoti zake. "Nitapika sungura. Lakini sitamtabasamia mpaka niambiwe."

Jumamosi, 12 Novemba

Alifika kwa treni ya saa tano. Nilimtambua kwa masikio. Vingine vyote vimepungua. Alipumzika mara tatu toka stesheni mpaka kwenye gari la kasisi, akiomba radhi kila mara kama mtu aliyekukanyaga.

Baba alimngojea ukumbini. Walishikana mikono.

"Ivor."

"Afande."

"Unafanya nini siku hizi?"

"Nafundisha watoto jiografia, afande. Mito ya dunia."

Alisema bila ukali wowote, na hilo likawa baya zaidi. Tukala sungura. Bi Beddoe aliweka sahani zake kwa kishindo, ila nilimwona anamwongezea mgeni kipande cha mgongo.

Baada ya chakula tulikaa karibu na moto. Nje ilikuwa bado mchana lakini ukungu ulikuwa umeshatuwashisha taa zote. Baba akaanza, akakohoa, akaanza tena.

"Ule ujumbe wako niliupata."

"Najua, afande. Karani wako aliniambia mwaka ule ule."

"Ulijua, na mbele ya baraza ulinyamaza?"

"Neno langu dhidi ya lako. Nani angeniamini?" Akajaribu kucheka, kifua kikamkatalia, tukamngoja. "Tena sikuwa safi. Lile 'hapana' lako lilipokuja, ningeweza kukataa. Wewe mwenyewe ulikuwa ukitusimulia hadithi ya kopo la biskuti. Nililikumbuka siku ile. Lakini walikuwa wanasema utapandishwa cheo, na divisheni yako itakuwa yangu. Basi nikavuka. Nami nimewaua, afande. Tofauti ni kwamba mimi nimeitwa muuaji, na wewe Sir."

Baba hakujitetea. Akauliza kitu kingine, kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake.

"Robin. Ulimwona?"

"Nilimwona. Saa mbili usiku, kabla ya kuondoka. Nilimwambia nahitaji ofisa mmoja abaki nami kwenye simu. Akacheka, akasema, 'Brigedia, nikibaki, baba yangu atanila nyama.' Kisha akaniuliza..." Hapo akanitazama mimi, kama anayeomba ruhusa. "Akaniuliza, 'Baba anajua boti hazijafika?'"

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia hujui. Nikamwambia simu zimekatika, ungejua ungetusimamisha. Akasema, 'Nilidhani hivyo.' Akashuka mtoni."

Moto ulilia. Baba aliweka kiganja chake juu ya macho yake mabovu akakaa hivyo, na mimi nikainuka nikaenda jikoni, nikamwambia Bi Beddoe yote, kwa sababu ilibidi mtu mmoja zaidi ajue. Alifuta mikono kwenye aproni. Kisha akatoka na birika, akamimina chai ya Brigedia, akamtilia mgao wetu wa sukari wa wiki nzima.

Jumapili, 13 Novemba

Mvua nyembamba, ya kusimama. Kijiji kizima kilikuwa pale, akina mama wa marehemu wamewekwa mbele. Tresidder alisimama nyuma kabisa, kofia mkononi, mvua ikimpiga kichwani. Baadhi ya watu walimtambua. Nilisikia mwanamke nyuma yangu akisema, "Ana uso mkavu, huyo!" na mwingine, "Nani kamwita?"

Baba alikuwa amevaa nishani zote. Asubuhi, nikimfunga vifungo, aliniambia, "Leo nitasema." Nilimwamini. Alikuwa amehifadhi majina kwa kichwa kwa kuwa hawezi kuyasoma. La kwanza, la pili, la tatu, la nne. La tano akasema, "Luteni Robin Garnock," akasimama.

Alifungua kinywa. Kijiji kilingoja. Nilihesabu pumzi zangu, nikafika kumi na nne. Mama mmoja mbele akaanza kulia, akidhani Jenerali anamlilia mwanawe, kisha wengine wakalia, na kasisi, kwa huruma zake, akamgusa bega. Baba akafunga kinywa. Akasema jina la sita.

Baada ya sala watu walimzunguka, wakimshika mikono, wakimwita baba wa kijiji. Tresidder alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea stesheni. Nilimkimbilia kumpa mwavuli.

"Samahani," nikamwambia.

"Binti, alikaribia kusema," akasema. "Niliona. Kamsaidie, asianguke kwenye matope."

Jumatatu, 14 Novemba

Baba alikuwa ameketi karibu na taipu nilipoteremka. "Sura ya kumi na tisa," akasema. "Upya."

Alhamisi, 17 Novemba

Sura imekwisha. Ni kurasa tano na ndani yake kila kitu: orodha mezani, saa nane mchana, penseli, uongo mbele ya baraza. Bi Beddoe aliisikia mlangoni na hakujificha.

Nikasema tumpelekee Tresidder nakala leo hii. Baba akakataa. Anataka kwanza wachapishaji waikubali, ili barua imkute ukweli umeshakuwa kitabu. "Nisimpe ahadi. Nimpe kitu kilichokwisha."

"Ni mgonjwa, Baba."

"Siku chache tu."

Jumapili, 20 Novemba

Sura iko London tangu Ijumaa, lakini bado anabadilisha maneno kwenye nakala yetu. "Nilikosea" limekuwa "nilifanya kosa," kisha limerudi "nilikosea." Mtu aliyekataa kungoja saa ishirini na nne sasa anangoja wiki ya pili. Nilimwambia hivyo kwa maneno hayo hayo. Alikunja uso kama aliyepigwa, lakini barua haikutoka.

Na mimi je? Nakala ninayo, posta naijua. Ningeweza kuituma. Nangoja ruhusa yake, kama wote waliowahi kuwa chini yake.

Jumatano, 23 Novemba

Sakitu, umande umeganda majanini. Matofaa ya mwisho yamekwenda kinuni kukamuliwa.

Ijumaa, 25 Novemba

Wachapishaji wamejibu, kwa adabu nyingi. Wameionyesha sura hiyo kwa ofisi fulani, na ofisi hiyo inaona kwamba haina faida kwa familia za marehemu wala kwa heshima ya jeshi. Kitabu ni kizuri sana. Wangependa kukitoa bila sura ya kumi na tisa.

"Bila kabisa?" Baba akauliza.

"Kutoka kumi na nane mpaka ishirini."

"Basi hakuna kitabu. Waandikie hivyo."

Niliandika. Ni kazi ya miezi mitatu, na ya miaka arobaini. Alitia sahihi bila kusitasita, na kwa mara ya kwanza tangu matofaa ya mapema nikamwona mtu wa kopo la biskuti.

Jumanne, 29 Novemba

Tumekwenda kwa mwanasheria mjini. Baba ameapa juu ya ungamo lake, ukurasa mmoja, bila vipambo, likapigwa muhuri. Tumeliposti kwenda Cornwall saa sita mchana.

Ijumaa, 2 Desemba

Telegramu kutoka kwa mke wa Tresidder. IVOR AMEFARIKI JUMATATU. BARUA IMEFIKA LEO. MAZISHI JUMATANO. MURIEL.

Nilipomsomea Baba, aliniambia nirudie siku. Jumatatu. Tulikuwa tumepanga kwenda kwa mwanasheria Jumatatu hiyo, na ilinyesha, akasema twende kesho.

Alhamisi, 8 Desemba, Cornwall

Tumelala hapa nyumba ya wageni. Treni yetu ni ya alasiri. Naandika mezani wakati Baba amekaa kitandani na koti lake, tayari tangu alfajiri.

Tulimzika jana kwenye kilima chenye upepo. Baba hakuvaa nishani hata moja. Tulisimama nyuma ya watu, mahali alipotaka kusimama Tresidder kwetu. Hakuna aliyetusalimu. Tulipokuwa tunaondoka, mjane akaja. Ni mwanamke mdogo wa umbo, mwenye mikono ya kazi.

"Wewe ndiye Jenerali."

"Ndimi, mama. Sina la kusema linalo—"

"Unalo. Nimelisoma mara tatu. Lakini mimi nilikuwa nalijua, nililala nalo miaka mitano. Hawa ndio hawalijui." Akaonyesha waombolezaji kwa kidevu. "Walimwita muuaji kwenye duka la mkate. Njoo nyumbani uwasomee."

"Haoni kusoma," nikasema.

"Basi aseme."

Sebule ilikuwa ndogo, na watu kumi na wanane walikuwa wamebanana humo na vikombe vyao. Karibu na jiko alikaa kikongwe mmoja chini ya shali nyeusi. Muriel alipiga kijiko kwenye birika, kukawa kimya. Baba alisimama katikati, mikono imenyooka pembeni, akalisema ungamo lake, neno kwa neno, kama alivyoliapia. Saa nane mchana. Boti nane. Hapana. Nikaliambia baraza sikupata ujumbe. Brigedia Tresidder aliona kila kitu na kuniambia kila kitu. Kosa lilikuwa langu.

Mwanamume mmoja alitoka nje, akafunga mlango kwa nguvu. Nilidhani imekwisha, nikamshika Baba mkono.

"Bado," akasema Muriel. "Mama yake Ivor hasikii vizuri. Hajasikia hata neno. Mwambie na yeye."

Akamwelekeza mpaka mbele ya kile kiti. Baba aliinama.

"Mimi ndimi Jenerali Garnock," akaanza.

"Eeh?" akasema kikongwe.

"Kwa sauti," Muriel akasema.

Baba akanyooka. Akavuta pumzi, na akalisema lote upya kwa ile sauti ya uwanjani, sauti iliyopata kusogeza watu elfu kumi na tano, katika chumba kisichozidi hatua nne. Vioo vya dirisha vilitetemeka. Nje barabarani watu walisimama. Alipofika kwenye "hapana" sauti ilipasuka, kikongwe akaweka kiganja sikioni, na ikabidi neno hilo alirudie. Akalirudia mara mbili.

Alipomaliza, yule mama alikaa akitikisa kichwa taratibu.

"Ivor alikuwa anaogopa maji tangu mdogo," akasema, si kwa Baba hasa, ila kwa chumba. "Hata kisimani hakusogea. Nikawaambia, huyu hawezi kupeleka watu majini bila kuangalia. Niliwaambia."

Watu walitazama chini. Muriel akaanza kukusanya vikombe, na mazungumzo yakarudi polepole, ya hali ya hewa, ya treni. Baba alibaki amesimama mbele ya kiti kile. Hakuna aliyemwambia aketi, naye hakuketi.